Ndiyo ya Heshima Haijazi Ndoo

"Ndiyo ya heshima haijazi ndoo." Vijana wa Igolwe waliusikia usemi huo katika kikao cha harusi, na walipotoka wakamwuliza Bibi Mbeleje ulikotoka, maana shuleni hawakufundishwa. Bibi akavuta kigoda, akakaa. Alisema usemi huo si wa kale. Mtu aliyeusababisha, Bibi mwenyewe aliwahi kumpikia mlenda. Chanzo chake, akasema, ni hiki.

Alikuwapo mchumi mmoja, Dakta Edna Kihwele, mwanamke mwembamba asiyependa kukosea. Kazi yake ilikuwa kupima jambo lisiloshikika: watu wako tayari kulipa kiasi gani kwa kitu ambacho bado hawajakipata. Alitumwa Igolwe baada ya kipindupindu kuchukua watoto masika yaliyotangulia. Wafadhili walitaka kuchimba kisima kirefu na kuweka mabomba, lakini walisema wazi kwamba mashine ya kuvuta maji itaendeshwa kwa malipo ya wanakijiji. Wasipolipa, itakufa.

Basi Edna akapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na kadi zenye picha: bomba la karibu lenye bei kubwa, bomba la mbali lenye bei ndogo, au lambo la zamani, bwawa la maji ya mvua lisilo na malipo yoyote. "Ungechagua lipi?" aliuliza. Karibu kila mtu aliweka kidole kwenye bomba la karibu. Shilingi hamsini kwa ndoo? Ndiyo. Mia? Ndiyo, Daktari, hata mia.

Alirudi mjini na majibu mazuri kuliko yote aliyowahi kupata, na hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Kila alipoyapitia, aliyaona mazuri mno. Hata mjini, ambako watu wana mishahara, hawakubaliani namna ile. Lakini wafadhili walikwisha kufurahi, na bodi ya maji ilikwisha kupanga siku ya kupitisha mradi. Edna akaomba jambo moja tu: tangi la majaribio liwekwe kijijini, maji yauzwe kwa shilingi hamsini, aone kwa macho yake.

Tangi lilipofunguliwa ilikuwa katikati ya mvua. Edna alifika alfajiri, akakaa karibu na bomba. Wanawake walianza kupita na ndoo kichwani. "Umeamkaje, Daktari? Habari za huko mjini?" Walimsalimu kwa uchangamfu, wakampita, wakateremka lamboni. Jua lilipanda. Mtu wa kufungua bomba alisinzia kwenye kiti chake. Edna alijiambia labda watakuja mchana. Mchana ulipofika akajiambia labda jioni. Kila ndoo iliyopanda kutoka lamboni, yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, ilimkumbusha makaburi madogo aliyoonyeshwa nyuma ya zahanati.

Jioni akamwona Mama Ndahani akipanda kutoka lamboni. Huyu ndiye aliyesema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote, na mjukuu wake mmoja alikuwa katika makaburi yale. Edna akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado uko hapa? Umekula?"

"Mama, uliniambia ungelipa hata mia. Leo ni hamsini, nawe umenipita."

Mama Ndahani akatua ndoo. Hakukasirika, alionekana kuona haya. "Ulikuja kwangu jua likiwaka, umejaa vumbi hadi kope. Mgeni ametoka mbali kwa ajili yetu. Nikuambie hapana?"

"Lakini nilikuuliza juu ya maji!"

"Mimi nilisikia unaniuliza kama nakushukuru." Akapangusa uso kwa upande wa khanga. "Hayo maji nayataka, Mungu anajua. Lakini huu ni mwezi wa kulima. Fedha huku huja na alizeti, zikaisha na alizeti. Ungeniuliza wakati wa mavuno, ningekulipa ya mwaka mzima. Leo sina hata ya chumvi."

Edna akaketi chini, penye matope. Aliona vizuri ambacho kingetokea: mashine ingejengwa, ingekosa mafuta, ingenyamaza, na watoto wangeendelea kunywa lamboni huku jina lake likiwa chini ya ripoti inayosema watu walikubali. Aliona pia upande wa pili: akisema ukweli, fedha zinaweza kupelekwa wilaya nyingine, na kipindupindu kinaweza kurudi kabla mvua hazijaisha.

Siku ya kikao cha bodi alisimama mbele yao. "Majibu niliyowaletea si ya kweli," alisema. "Waliniheshimu, hawakunijibu." Mwenyekiti wa bodi alikunja uso. Mmoja wa wafadhili alifunga mkoba. Walibishana hadi koo zikakauka, mwishowe wakampa nafasi ya kuuliza upya, lakini wakapunguza mradi: mabomba mawili badala ya manne.

Edna akarudi Igolwe. Safari hii aliitisha mkutano wa kijiji, akaeleza kwamba kila nyumba itachagua yenyewe namna ya kulipa, iwe kwa ndoo au kwa mkupuo baada ya mavuno, na itakachochagua ndicho itakachodaiwa. Mwenyekiti wa kijiji, kwa kumfurahisha, akapaza sauti: "Jamani, si tunakubali yote?"

"Ndiyooo!" mkutano ukaitikia.

Ndipo Mama Ndahani akasimama, ingawa si kawaida yake kusema mbele za watu.

"Acheni hiyo," alisema. "Tulimwambia ndiyo mara ya kwanza, nani alichota? Ndiyo ya heshima haijazi ndoo. Asiyeweza, aseme hawezi."

Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mimi kwa ndoo siwezi. Hapana." Mwingine akasema hapana. Na Edna, aliyekuwa akiogopa neno hilo tangu mwanzo, akashusha pumzi kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Nyumba nyingi zilichagua kulipa wakati wa alizeti. Mabomba yale mawili yana foleni, na wako ambao bado wanakwenda lamboni. Lakini mashine haijanyamaza, na nyuma ya zahanati hapajachimbwa kaburi dogo jingine la kipindupindu.

Basi, wajukuu zangu, mtu akiwakubalia upesi kwa tabasamu, msikimbilie kushangilia. Mpeni nafasi ya kukataa kwanza. Ndiyo ya heshima haijazi ndoo.