Kibuyu Kimoja cha Bibi Subilaga

Sogeeni karibu, na mwenye maneno mengi ayaweke akiba, maana mwishoni nitayahitaji. Hadithi yangu ina kibuyu kimoja na watu watatu wanaokistahili.

Huko Rungwe, kwenye baridi na migomba, aliishi Bibi Subilaga na wajukuu zake watatu. Tumpe, mfugaji, alikuwa na kipaji cha kuuliza. Akianza "kwa nini", hata bwana mifugo alitafuta pa kutokea. Lusajo alikuwa na kipaji cha kukumbuka ukoo: nani aliolewa wapi, aliondoka na nini, na alinuna kwa sababu gani. Sekela alikuwa na kipaji cha subira. Alifanya kazi maabara, mjini Mbeya, akichunguza bakteria wanaogandisha maziwa, na aliweza kuinamia hadubini hadi chai yake ikaota utando.

Bibi alikuwa na kibuyu. Alikuja nacho siku alipoolewa, na ndani yake mbegu ya mtindi, yaani yale mabaki yanayoachwa ili yagandishe maziwa ya kesho. Tangu hapo mbegu haikukatika. Uzee ulipomfika, meno yalimtoka, na maziwa mabichi yakawa yanamsokota tumbo. Ni mtindi ule tu uliopita na kutulia.

Siku moja maziwa yakagoma kuganda. Wakatia mengine, nayo yakagoma, yakaoza tu na kunuka. Wakamletea Bibi mtindi wa dukani. Akalamba kijiko, akageukia ukutani.

"Huu ni wa watu wengine," alisema.

Akawa anakonda, kola ya gauni ikimpwaya, na wajukuu wakaingiwa na hofu kweli kweli.

"Atakayeirudisha mbegu yangu," akasema, "kibuyu ni chake. Yeye ndiye atakayeitunza nikishaondoka."

Tumpe akaanza kuuliza. Kibuyu kimeoshwa kwa sabuni? Hapana. Maziwa yametiwa yangali moto? Hapana. Alikamuliwa ng'ombe gani? Hapo akajishika kichwa. Ng'ombe wake mwenyewe, Mabaka, alikuwa amechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, na bwana mifugo alimwonya asitumie maziwa yake mpaka dawa iishe mwilini. Tumpe aliona uchungu kuyamwaga, akayatia kibuyuni. Dawa ile haichagui. Inaua vijidudu vya kiwele, na mbegu iliiua pia.

"Bibi, ni mimi niliyeiua," akasema mbele ya wote, machozi yakimtiririka. Asingeuliza Tumpe, maziwa yale yale yangeendelea kutiwa, na mbegu yoyote mpya ingekufa vile vile.

Lusajo akakumbuka. "Shangazi Atuganile alipoolewa Usangu, Bibi alimpa mbegu ya kibuyu hiki hiki!" Akafunga safari. Alipofika, shangazi alimcheka: ng'ombe walishauzwa, na kibuyu kilikuwa kinaning'inia jikoni juu ya mafiga, hakuna anayekigusa. Lusajo akakishusha, akazibua. Ndani mlikuwa na ukoko mkavu tu wa mtindi wa zamani.

"Huo uchafu unaupeleka wapi, baba?" shangazi akauliza.

"Kwa Bibi."

"Basi mpe salamu zangu, na mwambie mjukuu wake amerukwa na akili."

Asingekumbuka Lusajo, ukoko ule ungeishia kwenye moto siku ya kufagia.

Sekela akaupokea ukoko kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto mchanga. Bakteria wengi walikuwa wamekufa, na ukungu ulikuwa umejaa. Akautia kwenye maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akautunza kwenye joto, akatenga ukungu, akakosa, akaanza upya. Wenzake wakamshauri aachane nao. Hakuachana. Mwishowe aliwaona: vijiti vyembamba, bakteria wa asidi ya laktiki, wazima na wanazaana! Akahakikisha hawakuchanganyika na vijidudu vya maradhi, kisha akapiga kelele ya furaha mpaka mlinzi akaja mbio. Asingevumilia Sekela, ukoko ungebaki ukoko.

Kibuyu kikatiwa mbegu ile na maziwa ya ng'ombe asiyechomwa sindano, na safari hii yaliganda, mazito, yanang'aa. Bibi akaonja.

"Huyu namjua," akasema Bibi. "Huyu ndiye niliyekuja naye."

Akamaliza bakuli, akaomba jingine, na kabla halijaisha akaanza kugombeza watu kama zamani. Vigelegele vilisikika ng'ambo ya mto!

Ndipo wakakumbuka kibuyu.

"Apewe Tumpe," alisema Lusajo. "Ndiye mwenye ng'ombe."

"Mimi niliyeiua?" Tumpe akaruka. "Apewe Lusajo."

"Lusajo hana hata mbuzi, na nyumbani hatulii," alisema Sekela. "Mimi ndiye ninayeweza kuilinda."

"Wewe mbegu unayo tayari kwenye friji ya maabara," Lusajo akadakia. "Ukichukua na kibuyu, sisi tunabaki na nini?"

Wakamgeukia Bibi. Bibi akajifuta midomo.

"Mimi nimeshiba," alisema. "Na kibuyu hakikatwi vipande. Amueni, tena upesi."

Alisema upesi kwa sababu mbegu ya kibuyuni inadai maziwa mapya, na asipojulikana wa kuyatia, itakufa tena, na Bibi atageukia ukutani.

Haya, yale maneno niliyosema myaweke akiba, yatoeni sasa. Kuna aliyeuliza, aliyekumbuka na aliyevumilia, na kibuyu ni kimoja. Je, wewe ungemkabidhi nani?