Fundi Aliyebomoa Ukuta Wake

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi kavu, penye udongo mweupe wa chokaa, aliishi fundi mchamungu akiitwa Shuaib bin Dahir. Ada yake ilikuwa kuanika donge la udongo juani siku tatu, kisha kuligonga kwa nyundo. Lisipopasuka, husema bismillahi akaanza kujenga. Watu walimwamini, naye, tuseme kweli, alipenda kuaminiwa.

Hivyo ndivyo alivyomjengea Bi Nafisa, mjane mwenye mayatima wanne, aliyechoka kuhama kibanda hadi kibanda. Kuta zikasimama, ikabaki kuezeka. Alasiri moja Shuaib alipokuwa akitawadha, donge la udongo ule lilimponyoka likatumbukia katika beseni la maji, asilijali. Aliporudi kutoka kuswali alikuta uji mtupu. Akaingiwa na hofu kubwa. Kumbe ugumu ule ulikuwa wa jua tu, na masika ya kwanza yangewaangushia watoto ukuta.

Akamweleza fundi mwenzake, Yunus. Huyo akamshauri apake chokaa kwa nje na anyamaze, kwani mvua ya huko ni ya kubahatisha, na Mola ni mwenye kusitiri aibu za waja wake.

Shuaib akasema, "Ndugu yangu, Mola husitiri aibu ya mja. Hakuniahidi kuusitiri ukuta."

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, akasimama mbele ya watu akakiri kosa lake. Bi Nafisa alipopata habari alimwendea akamuuliza, "Sasa, fundi, wanangu walale wapi?"

"Kwangu, mama. Mimi na ahali yangu tutahamia banda la mbuzi."

Akazibomoa kuta kwa mkono wake. Akauchanganya udongo na chokaa iliyochomwa, akaushindilia, na safari hii akaliloweka donge siku saba. Mara mbili likamong'onyoka, na mara mbili akaanza upya, huku waliomsifu jana wakimcheka. Mara ya tatu likatoka zima, akajenga.

Masika yakaja kwa kishindo, siku tatu mfululizo. Ilipoanuka, Shuaib alikwenda kwa Bi Nafisa, akamkuta mlangoni. Hakuusifu ukuta. Alisema tu, "Fundi, tumelala. Wanangu hawakuniuliza kama tutahama."

Shuaib akalia.

Ndugu zangu, kukosea ni jambo la wanadamu. Lakini mtu akilijua kosa lake, akamjua na atakayeangukiwa nalo, kisha akanyamaza, huyo ameuangusha ukuta kwa mkono wake.