Kijana Aliyejiandaa Kuzikwa

Wapendwa, wekeni simu chini kidogo, hasa ninyi vijana wa mabenchi ya nyuma, maana mama ninayewaletea asubuhi hii nimemleta kwa ajili yenu.

Mama huyu alikuwa mjane, muuza mihogo ya kukaanga, na Mungu alimjalia mtoto mmoja tu. Kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, kifua kama kabati. Na roho nzuri alikuwa nayo. Mtaani kwao kulikuwa na kikundi cha kufa na kuzikana, kama hiki chetu, na mchango wake wa mwezi haukuchelewa hata siku moja. Ukitokea msiba, wewe bado unatafuta kandambili, yeye ameshafunga turubai na yale masufuria makubwa yako begani. Mama alikuwa akimtazama kwa mbali, mihogo inaungua kwenye mafuta, moyo umemjaa.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Waandikishaji wa bima ya afya waliweka meza pale ofisi ya mtaa, mama akaenda akachukua fomu mbili. Yake akaijaza siku hiyo hiyo. Ya mwanawe akaiweka mezani, kando ya sahani ya ugali.

"Jaza basi karatasi hii, mwanangu."

"Mama, mimi na hospitali wapi na wapi? Malaria yenyewe ikiniona inavuka barabara!"

"Sijasema unaumwa. Nimesema ujaze."

"Nitajaza nikioa. Halafu, mama, kukata bima ukiwa mzima ni kujiitia ugonjwa. Ukishauwekea kiti, utakosaje kuja kukaa?"

Mama akaondoa sahani. Fomu ikakaa pale mezani mwezi, ikakaa miwili, mwishowe kijana akawa anaitumia kufunikia bakuli la mboga nzi wasiingie.

Ngoja niwaulize, maana naona wengine mnacheka huku mmeinamisha macho. Kijana huyu aliikimbia bima, ati atajiitia ugonjwa. Na ule mchango wa kuzikana, aliokuwa akiutoa kila mwezi kwa moyo mkunjufu, alikuwa anajiitia nini?

Basi Jumanne moja tumbo likamshika, chini upande wa kulia. Akasema ni maharage. Akapita duka la dawa, akanunua vidonge vya maumivu. Jumatano akachomelea geti la watu huku amejipinda. Alhamisi mama akamkuta ameketi sakafuni, amekumbatia magoti, jasho jembamba linamtoka.

"Twende hospitali, baba."

"Subiri kidogo, mama, itapoa. Kule ni kipimo hiki, kipimo kile, halafu tutakula nini?"

Mmesikia? Hakuogopa kisu cha daktari. Aliogopa dirisha la malipo.

Mama hakusubiri tena. Akaita majirani, wakambeba. Daktari alimbonyeza tumbo mara moja tu, akamgeukia mama: "Ni kidole tumbo, na kinakaribia kupasuka. Lazima tumpasue leo." Alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Lakini malipo yalihitajika, na mama alikuwa na vijisenti vya mihogo kwenye pindo la kanga.

Akakimbia hadi kwa mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mwenzake, shoga yake wa miaka mingi. Akamkuta anaosha masahani ya kikundi baada ya msiba wa juzi.

"Dada, nifungulie sanduku. Mtoto anakufa."

Mwenyekiti alianza kulia kabla hajajibu. "Dada yangu, katiba yetu unaijua. Hela ile inatoka kwa msiba tu. Mgonjwa hatukumwekea fungu."

"Akifa, mtakuja?"

"Tutakuja wote! Jeneza, turubai, chakula siku tatu. Yule ni mtoto wetu."

"Na akitaka kuishi?"

Wapendwa, swali hilo lichukueni ninyi. Mngemjibu nini?

Mwenyekiti alifuta machozi, akamwita katibu na mweka hazina, akafungua daftari la misiba juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Andika kijana amefariki," akasema. Katibu akashika kalamu. "Mama mwenyekiti, si yu hai?" "Andika! Kosa hilo nitalibeba mimi." Sisemi alifanya vyema kuandika uongo. Nasema alipenda, na upendo ule haukuwa na mlango mwingine wa kupitia.

Kijana akapasuliwa jioni ile. Asubuhi alipofumbua macho akaona kikundi kizima kimezunguka kitanda, kanga mabegani, nyuso zile zile alizozoea kuziona chini ya turubai. Akashtuka. Akanong'ona, "Nani amefariki?"

Mwenyekiti akamshika mguu juu ya shuka. "Wewe, baba. Jeneza lako limelipia kisu. Sasa tafadhali usife tena, sanduku ni tupu."

Wakacheka, naye akacheka ameshika mshono wake, mara kicheko kikageuka kilio. Mama yake peke yake hakucheka. Alifungua pindo la kanga akatoa ile fomu, ina alama ya duara la bakuli la mboga, akamwekea kifuani pamoja na kalamu. Safari hii hakumwambia jaza. Kijana akajaza mwenyewe, akiwa amelala chali, herufi zimepinda kama bati la zamani.

Wapendwa, sisi tunajua kuzikana. Kikundi chetu cha hapa kanisani kina masufuria tisa na turubai mbili, na sikidharau, maana ni upendo wa kweli. Ila nani alitufundisha kwamba zamu ya kupendana inaanza mtu akishaacha kupumua? Huyo mwenyekiti alikuwa mmoja. Usitegemee kila katibu atakubali kukuandika marehemu ungali hai. Nguvu zako, kijana, ni zawadi, si ahadi. Mchango wa bima unaoutoa leo ukiwa mzima unamtibu jirani anayeumwa leo, na wa kwake utakutibu wewe siku usiyoijua. Mimi mwenyewe nilikata bima baada ya mke wangu kuninunia wiki nzima, kwa hiyo siwasemi kwa ubora wangu.

Tukitoka hapa, meza ya waandikishaji ipo pale kwenye ngazi, nami nitasimama kando yake. Wengi wenu niliwabatiza kwa mikono hii, mkinililia masikioni. Ninyi ndio mnaotakiwa kunizika mimi. Wanangu, nawaomba, msinigeuzie zamu.