Mwanamkasi na Kicheko Chake

Hapo kale, wajukuu zangu, kale iliyozaa kale nyingine, kabla babu wa babu yenu hajaota jino la kwanza, palikuwa na mji ukiitwa Vumbani. Semeni Vumbani. Na wewe uliyeegemea ukutani sema, maana sirudii. Vumbani watu walilima mpunga, wakala mpunga, wakaoana kwa mpunga. Na humo mjini alikaa msichana mmoja, Mwanamkasi, aliyecheka.

Mtasema kila mtu hucheka. Subirini kwanza. Huyu alicheka, akacheka, akacheka. Kuku akipita hana manyoya ya mkia, yeye kicheko. Jirani akikosea akamwita mbuzi wake kwa jina la mkewe, yeye kicheko. Alicheka hata msibani, mama yake akamtoa nje kwa sikio. Hakuwa na dharau, maskini. Kilimjia tu, kama chafya.

Sasa Vumbani palikuwa na mila. Siku ya harusi, wali wa wageni ukishapaliwa makaa juu ya kifuniko, bibi harusi huketishwa kitandani ukumbini, uso wazi, na wanawake wa upande wa mume huja kumchekesha. Haruhusiwi kucheka wala kutabasamu mpaka wali ufunuliwe. Akicheka kabla, wageni hukunja mkeka waliokuja nao, wakarudi kwao, na harusi ikangoja mavuno mengine. Walisema asiyeweza kuzuia kicheko hawezi kuzuia siri ya nyumba. Ndivyo walivyoona wao, msinigombeze mimi.

Mwanamkasi alimpenda Mwinyikondo, mkwezi wa minazi, na Mwinyikondo alimpenda yeye, tena sana. Basi mavuno ya mwaka mmoja akaketishwa. Makaa hayajashika vizuri, shangazi mmoja wa mume akajifanya chafya imemkwama, na Mwanamkasi akaangua kicheko mpaka akateleza akaanguka chini. Mkeka ukakunjwa. Mwinyikondo akaenda zake kichwa chini. Na bibi yake, Bi Pazia, mkali wa maneno kuliko wote Vumbani, akatamka mbele za watu kwamba mara ya pili ndiyo ya mwisho. Binti akicheka tena, mjukuu wake ataozwa kijiji cha pili, kuna msichana huko ambaye meno yake hayajaonekana na mtu.

Ndipo Mwanamkasi alipoanza kuogopa kweli. Akajaribu kujizuia. Akauma ulimi, kicheko kikatokea puani. Akabana pumzi, akashikwa na kwikwi. Akawaza makaburi, akakumbuka siku mchimba kaburi alipotumbukia mwenyewe, basi, kwisha kazi. Mama yake alipochoka akampeleka kwa somo yake aliyemfunda, Bi Mize, mpishi wa harusi zote za mji, mwanamke asiyependa maneno mengi.

Bi Mize alimweka jikoni. Akampalia chungu cha wali, akamwambia akiangalie, akatoka. Mwanamkasi akakiangalia. Akafunua. Akafunika, akafunua tena, akafunika, akafunua. Wali ulipopakuliwa ulikuwa na kiini, na watu wakala wakitafuna kama mbuzi.

"Nani kakufundisha kufunuafunua?" Bi Mize akauliza.

"Niliogopa mvuke utapasua chungu, somo."

"Mvuke nauzuia ili ufanye kazi. Ukiuachia, wali hauivi. Ukiukandikia udongo usipate hata pa kupumulia, ndipo chungu kinapasuka. Na wewe kicheko chako unakikandikia udongo, mwanangu. Unapigana nacho kama mwizi."

"Nifanyeje basi?"

"Nenda kateke maji. Njiani uwasikilize watu wanaposema zuia, kisha uje uniambie umesikia nini."

Akaenda, mtungi kichwani, masikio wazi. Penye mashamba mama mmoja alikuwa akimwambia mwanawe azuie mbuzi wasiingie mpungani. Mbele kidogo fundi wa makuti aliye juu ya paa alimwomba mwenzake amzuilie ngazi isije ikateleza. Dada mmoja alimzuia mdogo wake anayejifunza kutembea, mkono nyuma ya kiuno. Na alipokuwa akirudi na maji, kwenye baraza moja mzee alimshika mgeni mkono, anamzuia asiondoke kabla ya kula, na yule mgeni anasema ana haraka sana huku amekwisha vua viatu. Mwanamkasi akacheka, mtungi ukayumba, maji yote yakammwagikia. Akarudi kisimani.

Alipofika jikoni ameloa chapa, alimwambia Bi Mize kwamba hakuona mtu anayepigana. Kila aliyezuia alikuwa na kitu asichotaka kiharibike, mpunga, au mtu, au chakula cha mgeni.

"Basi kicheko kizuie kama mgeni," Bi Mize akasema. "Kiambie kikae, chakula kinaiva."

Mavuno yakafika. Ngoma zikalia, mkeka ukatandikwa, wali ukapaliwa makaa. Mwanamkasi akaketishwa kitandani, mikono magotini, akamwona Mwinyikondo dirishani anachungulia. Wakaanza. Shangazi wa chafya akaleta chafya yake. Mwingine akacheza kama bata aliyemeza fupa. Kicheko kikampanda Mwanamkasi kifuani, naye akakiambia kimoyomoyo: karibu, kaa, chakula kinaiva. Kikakaa. Kikampanda tena, akakikaribisha tena. Kikakaa. Jamani, kikakaa!

Ndipo Bi Pazia akasimama mwenyewe. Watu wakasogea kumpisha. Akamwigiza mjukuu wake anavyopanda mnazi amebeba usingizi: akainua mguu mmoja, akapiga miayo, akakumbatia hewa, akainua mguu wa pili, akainama kutafuta panga lililomdondoka. Na alipoinama, wajukuu zangu, upepo ukamponyoka. Mrefu. Wenye mkia.

Haya, chekeni, nyie hamkuwa maharusi. Ukumbini pale hakuna aliyethubutu. Wanawake waliuma nguo zao, mabega yanatikisika. Bi Pazia alibaki ameinama, hajui ainuke na uso upi. Mwanamke aliyeogopwa na mji mzima alikuwa anataka ardhi immeze. Na Mwanamkasi akamwona. Akaona yule mama mzee alivyokwama pale, na huruma ikamjaa kote, ikakaa pamoja na kicheko mahali pamoja. Akasukuma kisigino kwenye mguu wa kitanda. Kitanda cha watu kikalia, kirefu, chenye mkia. Akasukuma tena, kikalia tena. Kisha akawatazama wale wanawake kwa uso mkavu kabisa, akawaomba radhi, kitanda hiki cha babu kimelegea kamba, kinawaaibisha wenyeji tangu asubuhi.

Watu wakakigeukia kitanda. Wengine wakaanza kusimulia vitanda vyao. Bi Pazia akainuka taratibu, akajitengeneza ushungi, akaja akaketi kando ya bibi harusi. Akakaa hapo mpaka Bi Mize alipoingia na kutangaza kwamba wali umefunuliwa.

Bi Pazia akamwinamia sikioni. "Niambie kweli, mke wa mjukuu wangu. Ulisikia nini?"

"Nilisikia kitanda, bibi."

Bi Pazia akamtazama. Mwanamkasi akamtazama. Na hapo ndipo kilipotoka kile kicheko, cha siku nzima, cha mwaka mzima, na cha bibi kikatoka pamoja nacho, wakashikana mabega, wakacheka mpaka machozi, na Mwinyikondo akapita dirishani badala ya mlangoni. Watu waliwauliza wanacheka nini. Waliulizwa miaka na miaka, na hakuna aliyeitoa siri ya mwenzake.

Basi wajukuu zangu, mtu akikwambieni jizuieni, msidhani amewanyima kitu. Kuna neno la kuzuia ulimini, kuna mkono wa kuzuia usipige, kuna kicheko cha kuzuia mpaka mwenzio ainuke salama. Kikae, kitatoka kwa wakati wake, na kitakuwa kitamu zaidi.

Kisa nimekitua hapo, mzigo si wangu tena. Aliyekipenda akibebe kwao, na aliyekichoka akiache mlangoni, watakuja wengine wakiokote.