Kiboko Aliyeiba Ndoto ya Tembo

Hadithi mlangoni!
— Ipisheni iingie!
Imebeba uongo!
— Utieni chumvi!

Hapo kale, Kiboko alijitwalia bwawa zima tulilopewa na Mungu. Maji yangu, matope yangu, kivuli changu. Hata mapovu yake mwenyewe aliyahesabu kuwa mali. Akila, anakula mpaka shingo inakuwa gogo. Akishiba, analala mchana kutwa.

Na akilala, Mola wangu! Khorrr-fyuu. Khorrr-fyuu. Khorrr... halafu kimya. Pumzi haingii, haitoki. Mkewe, Bi Kiboko, anamsukuma kwa pua: "Mume wangu, vuta!" Naye anagutuka, bwaaah! Maji yanaruka, viluwiluwi wa Mama Chura wanatupwa ukingoni, juani. Mama Chura anawaokota mmoja mmoja, anawarudisha majini. Khorrr-fyuu. Khorrr... kimya. Bwaaah! Anawaokota tena.

Siku moja Mama Chura akauliza, "Shoga, wewe unalala saa ngapi?"

"Silali. Nikilala, nani atamwambia vuta? Naogopa siku moja atanyamaza moja kwa moja."

"Si umwambie atafute dawa!"

"Nimemwambia. Anasema anayekoroma ni mimi."

Mama Chura akacheka, halafu akaacha kucheka. Kimya kilipokuja tena, akasema Bismillahi, akaruka, chup! mdomoni mwa Kiboko. Akaona ulimi umerudi nyuma, umeziba koo kama gunia mlangoni.

"Shoga, vuta taya la chini! Lije mbele!"

Bi Kiboko akavuta. Pumzi ikaingia, nusura Mama Chura aende nayo. Ikatoka, fuuu! ikamrusha mpaka kwenye matete.

"Dawa tumeiona," akasema, akipangusa mate. "Kazi ni kumvalisha."

"Ukimpa hataki."

"Basi tumnyime."

Wakakanda nta ya nyuki. Kiboko akiwa usingizini, mkewe akaitia mdomoni mwa mumewe na kulivuta taya mbele, nta ikachukua alama za meno, ya juu na ya chini. Wakaikausha kivulini, kikawa kibanio cha kulishika taya mbele. Kesho yake Mama Chura akakaa ukingoni akikisugua kwa jani.

"Nini hicho?" akauliza Kiboko.

"Si chako, Mzee. Kibanio cha Tembo. Akilala nacho mdomoni anaota tikiti maji, shamba zima."

"Tembo aote tikiti, na mimi je?"

"Kwani wewe huota nini?"

Kiboko akafikiri. Sauti yake ikapungua. "Mimi sijawahi kuota."

Mama Chura akamwonea huruma, karibu aseme kweli. Akajikaza. "Pole, Mzee. Lakini ni cha Tembo. Nakwenda kuoga, tafadhali usikiguse."

Akageuka tu, hap! Kiboko amekipachika.

Akalala, kidevu mbele kama mtu aliyenuna. Fuu. Fuu. Fuu. Bi Kiboko akasubiri kile kimya. Hakikuja. Akasogeza pua kwenye pua ya mumewe. Fuu. Akazidi kuogopa, maana hakuzoea. Akasubiri, akasubiri, mpaka kichwa chake kikamwangukia mumewe ubavuni.

Jioni Kiboko akaamka, akatoa kibanio. "Mama Chura! Nimeota!"

Mama Chura akashtuka, maana tikiti lilikuwa uongo wake mwenyewe. "Umeota tikiti?"

"Shamba zima! Napasua tikiti, nampa mke wangu, naye hali, amelala tu. Ngoja nimwamshe nimsimulie."

"Mwache," akanong'ona Mama Chura. "Huyo ana usingizi wa miaka. Alikuwa akilinda pumzi yako."

Kiboko akamtazama mkewe. Njaa ikamuuma, majani mabichi yakamwita kule ng'ambo. Hakutoka. Akakaa vile vile, asije akayatikisa maji, na viluwiluwi wakaja kucheza puani kwake. Wala hakusema ni pua yangu.

Funzo lake, ndugu zangu: usiguse cha mwenzio, unaweza ukapona. Na uongo ni dhambi, hasa ule unaotimia, maana hata pa kuutubia hupaoni. Mungu amsamehe Mama Chura, nami niliyeusimulia.

Hadithi yangu imelala!
— Ilale salama!
Na anayekoroma hapo nyuma?
— Mgeuzeni taratibu!