Kiboko Aliyeonja Maji ya Kasuku

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kiu.

Kiu ya nani?

Ya kasuku mmoja, ila aliyehangaika ni mwingine. Basi sogeeni, na mwenye maji karibu asiyamwage.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali, na serikali ilipokuwa na udongo mwingi kuliko karatasi, aliishi Bi Sange. Sange ni yule mnyama wa msituni asiyemzidi panya kwa umbo, mwenye pua ndefu kama mkonga uliokatishwa masomo, na miguu isiyojua kutulia. Kutwa hufagia vijia vyake. Akisimama, mguu unapiga ardhi: tu-tu-tu-tu. Akikaa, tu-tu-tu-tu. Majirani walisema huyu hata akifa atazikwa anatembea.

Bi Sange hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Kasuku. Upepo wa masika ulimwangusha yule ndege kutoka kiotani, bawa moja likavunjika, likaunga upande. Bi Sange akamwokota, akamfumia tundu la fito lisilo na mlango, kwa kuwa asiyeweza kuruka ana haja gani ya kufungiwa. Kasuku akakua, akajifunza kusema kila alichosikia, yakiwemo yale ambayo Bi Sange asingependa yasikike barabarani. Na Bi Sange mwenyewe, Kasuku alimwita "bibi". Kwa neno hilo moja alimfunga yule mama kuliko tundu lolote.

Kwa habari ya maji, Bi Sange hakuwa na mzaha. Kifuu cha Kasuku kilisuguliwa kwa mchanga asubuhi, kikasuguliwa tena jioni. Maji yalichemshwa, yakapozwa, yakafunikwa. Kifuu hakikuwekwa chini ya kijiti anachokalia ndege, maana kilicho chini ya ndege hupokea ya ndege. Tena Kasuku alikuwa na tabia ya kuchovya kila tunda kabla ya kulila, hivyo kabla ya adhuhuri maji yalikuwa mchuzi. Bi Sange humwaga, husugua, hujaza. Akienda hatua kumi hurudi kuchungulia. Yamo? Yamo. Akienda hatua ishirini hurudi. Bado yamo? Bado.

Kikaja kiangazi. Mito ikawa njia, madimbwi yakawa vumbi. Ikabaki chemchemi moja tu bondeni, na chemchemi ikiwa moja haikosi mkubwa wake. Kiboko akajiteua Mkuu wa Maji, akajipongeza kwa uteuzi, akaingia ndani ya chemchemi ili awe karibu na kazi. Alilala hivi: kichwa kwenye jicho la chemchemi, mkia kwa wananchi. Upande wa kichwa alikunywa yanayotoka mwambani, baridi, matamu. Upande wa mkia, jamani, aliyewahi kumwona kiboko akijisaidia anajua. Mkia huzunguka kama pangaboi. Prrrr, tapa-tapa-tapa! Foleni ya wananchi ilikuwa upande huo.

Karani wake alikuwa Mzee Kobe, mwandishi hodari lakini wa polepole. Amri zote ziliandikwa kwenye vibao vya udongo, na muhuri ulikuwa unyayo wa Kiboko. Sasa, Kobe akianza kukwaruza kwa ukucha wake, udongo hukauka kabla hajafika kwenye nukta ya kwanza. Ukucha wa Kobe unaandika hata palipokauka, ila unyayo hauingii. Kwa hiyo ofisi ikajipatia utaratibu wake: muhuri kwanza, maneno baadaye. Na lililopigwa muhuri halirudi. Nungunungu aliwahi kuandikwa samaki kwa kupitiwa, akaambiwa samaki makao yao ni majini, akakaa majini siku tatu. Alipotoka alishukuru kwa huduma.

Bi Sange akapanga foleni kama wenzake. Akateka upande wa mkia. Akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayachemsha tena, akayachemsha mara ya tatu. Harufu haikubanduka. Kasuku akachovya mdomo, akanywa kidogo kwa adabu, na kesho yake manyoya yakamsimama, macho yakamfumba, tumbo likamwendesha. Bi Sange akalizunguka tundu mara mia. Alijua pasipo kuambiwa: funda moja jingine la maji yale, na tundu litabaki fito tupu.

Ng'ambo ya bonde, kwenye kivuli cha jabali, kulikuwa na magimbi yaliyogoma kufa. Alfajiri majani yake hushika umande. Bi Sange akaenda mbio, tu-tu-tu-tu, akatikisa jani moja moja juu ya kibuyu chake kidogo. Tone. Tone. Tone. Jua lilipochomoza kibuyu kilikuwa kimejaa, akashika njia ya kurudi. Njia ni moja, nayo inapita mbele ya ofisi.

Kobe akamsimamisha. Akamweleza bila haraka kwamba maji yatokayo nje ya chemchemi huonjwa kwanza na Mkuu wa Maji, kwa usalama wa wananchi. Bi Sange akaeleza habari za mgonjwa. Kobe akampa pole, akamwonyesha njia ya kuelekea kichwani.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Lete nionje."

Kiboko akafumbua kinywa. Gu-bu-bu-bu. Kibuyu kikalia upepo.

"Yanafaa," akasema Kiboko.

Unyayo ukapigwa, Kobe akaandika, na Bi Sange akarudi nyumbani na kibuyu kitupu na cheti kinachothibitisha kuwa maji yaliyokuwemo yalikuwa salama. Kasuku akafumbua jicho moja, akasema, "Bibi, maji." Bi Sange hakuwa na maji. Alikuwa na pua iliyopita katikati ya magimbi, na kwenye ncha yake kulikuwa na matone mawili. Pua si chombo, haikaguliwi. Akaiingiza mdomoni mwa Kasuku, naye Kasuku akayafyonza.

Siku ya pili akaenda, tu-tu-tu-tu. Tone, tone, tone. Kibuyu kikajaa. Shikamoo, marahaba, lete nionje. Gu-bu-bu-bu. Yanafaa. Cheti cha pili. Matone mawili ya puani.

Siku ya tatu akaenda, tu-tu-tu-tu. Tone, tone, tone. Shikamoo, marahaba, lete nionje. Gu-bu-bu-bu. Yanafaa. Safari hii Kiboko alijilamba, akaongeza neno kwa faida ya foleni. Alisema watu wanamwona mpole, lakini siku ulimi wake utakapoonja uchafu, huyo mchafuzi ataijua ofisi hii ni ofisi ya aina gani.

Bi Sange akarudi na cheti cha tatu. Kasuku alikuwa amekaa sakafuni mwa tundu, si juu ya kijiti. Alinyonya matone yake mawili. Hakusema kitu. Kasuku aliyenyamaza si kasuku anayefikiri, ni kasuku anayekwenda.

Bi Sange akalizunguka tundu. Akatoka nje, akaingia. Akasugua kifuu kikavu, akakisugua tena. Lile neno la Kiboko lilikuwa likimzunguka kichwani kama yeye anavyozunguka: siku ulimi wake utakapoonja. Ndipo akatambua kwamba miezi yote hii, katika bonde zima, ni mmoja tu ambaye hajawahi kunywa maji ya upande wa mkia.

Asubuhi ya nne alikwenda kwenye magimbi, ila hakukinga umande. Alichuma jani moja tu, lenye vitone vyake. Akarudi, akaingia kwenye foleni mbele za watu. Nungunungu akamuuliza kwa upole kama amekata tamaa. Akamjibu kwamba bado, amechelewa tu. Zamu yake ilipofika akateka pale pale, nyuma ya mkia, mahali pazito kuliko pote. Kibuyu kikajaa. Akakifunika kwa lile jani la gimbi, vitone vinang'aa juu yake kama kitu cha arusi. Akazunguka mpaka upande wa kichwa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Leo umechelewa, mama."

Bi Sange akasema kwamba, kwa heshima zote, pengine leo yasionjwe. Akasema maji ya leo hayamridhishi. Ingekuwa vyema mheshimiwa apumzishe ulimi.

"Unanifundisha kazi?" akauliza Kiboko, na kinywa kilikuwa kimeshafumbuliwa.

Gu-bu-bu-bu.

Hata nzi walisubiri.

Kisha: phtuuu! Mate yakaruka hadi ng'ambo. Phtuuu! Phtuuu! Kiboko akatoa ulimi nje, akaukwangua kwenye mwamba, akaurudisha, akajuta kuurudisha. Akamuuliza yule mama kama haya ndiyo anayompa kiumbe mgonjwa. Bi Sange, akiwa ameinamisha pua, akakiri kwamba ndiyo, alimpa mara moja, na tangu hapo kiumbe hakijasimama.

"Kobe, udongo," akasema Kiboko.

Kobe akaleta kibao kibichi. Kiboko akatamka amri, sauti ikitetemesha matete. Yeyote anayeyachafua maji hayo aondoke leo, kabla ya jua la utosi. Asiyasogelee kwa hatua mia moja mpaka masika saba yapite.

Mguu wa Bi Sange ukapiga chini, tu-tu-tu-tu. "Mheshimiwa, mpunguzie. Ni mtu mzito. Tena ana cheo."

"Mzito kuliko mimi?"

"Kuliko wewe, hapana."

"Basi aondoke na cheo chake."

Akainua mguu wa mbele. Pwaaa! Unyayo ukazama ndani ya kibao hadi kifundoni.

Kobe akakivuta kibao kwake, akakipuliza, akanoa ukucha. Foleni ikawa imekunja shingo kusikiliza.

"Mahali yalipotekwa?" akauliza Kobe.

"Chemchemi hii," akajibu Bi Sange.

Kwaru, kwaru, kwaru. "Upande?"

"Wa nyuma."

Kwaru, kwaru. "Anayechafua?"

Mguu wa Bi Sange, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ulikuwa umetulia. Alinyoosha pua tu. Ni pua ndefu. Hakuna aliyeweza kusema hakuona inakoelekea. Kobe akaifuata pua mpaka mwisho wake, akaliona lililokuwa mwishoni, akarudi kwenye kibao. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Uso wake haukubadilika, kwa sababu uso wa kobe haubadiliki, ndiyo maana huajiriwa.

Kiboko akacheka. Akacheka peke yake, akaacha. Akamwambia Kobe afute.

"Udongo umekauka, mheshimiwa," akasema Kobe.

Kiboko akasema umbea wa mwanamke mmoja si ushahidi. Kobe akafikiri muda wa kutosha mtu kula muwa. Kisha akaeleza kwamba ushahidi upo, ila uko tumboni mwa mheshimiwa. Kama mheshimiwa anautilia shaka, utaratibu unaruhusu maji yaonjwe upya, mahali pale pale, mbele ya mashahidi. Akachukua kata, akaenda nayo nyuma bila haraka, akateka, akarudi. Nungunungu akasogea ili aone vizuri. Aliomba pia kujua, kama si usumbufu, iwapo muhuri siku hizi unafutika, kwa kuwa naye ana jambo lake la zamani.

Kiboko akaitazama kata. Kata ikamtazama.

Akainuka. Maji yakamwagika kutoka mgongoni mwake, shaaa, na chemchemi ikavuta pumzi. Akapita katikati ya foleni bila salamu. Kobe akamfuata nyuma akihesabu hatua kwa sauti, na kwa mwendo wa Kobe hatua mia moja ni shughuli ya siku nzima.

Bi Sange hakukaa kushangilia. Alisubiri jicho la chemchemi lisafishe tope, akizunguka, akirudi, akichungulia, mpaka aone kokoto chini kwenye mchanga. Akateka. Akakimbia nyumbani. Akachemsha. Akayapepea kwa jani, akayapuliza, akayapepea, akajilaani kwa kuwa maji ya moto hayana huruma na aliyeyachemsha. Yakapoa. Akayatia kwenye kifuu, akakisogeza mdomoni.

Kasuku hakufanya kitu. Kisha akachota kidogo, akainua shingo juu, yakateremka. Akachota tena. Mara tatu. Mara tano. Akafumbua macho yote mawili, akamwangalia yule mama aliyekuwa akilizunguka tundu kama aliyepoteza ufunguo.

"Bibi," akasema, "kaa chini."

Bi Sange akakaa. Akakaa kweli, pumzi nzima. Halafu akainuka kwenda kusugua kifuu.

Kiboko hakukubali kushindwa. Alikata rufaa. Sheria inasema rufaa za maji hupokelewa na Mkuu wa Maji mwenyewe, ana kwa ana, ofisini, na ofisi iko chemchemini. Kila asubuhi anakuja hadi hatua ya mia moja na moja, anasimama, anamwita Mkuu wa Maji. Kila asubuhi Kobe anamjibu kwamba mkuu hayupo, arudi kesho.

Funzo la ngano hii, watoto, ni jepesi. Maji safi huletwa na wakubwa kwa hisani yao. Asingeonja Kiboko, bonde lingekunywa uchafu hadi leo. Basi muwashukuru. Nanyi msihangaike huku na huku, msiulize, msinyooshe pua. Tulieni kwenye foleni, subira yavuta heri: Bi Sange alitulia kwa muda wa kuandikwa jina moja, na mmeona alivyofanikiwa. Ila mwenye ndege nyumbani asinisikilize sana. Aende akachungulie kifuu.

Ngano imefika chini ya mtungi. Yaliyokuwa matamu mmekunywa nyote. Mashapo niachieni mimi.