Reli ya Bondeni na Kengele ya Mlimani

Inasimuliwa na waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika nchi ya milima, palikuwa na mja wa Mungu aliyeitwa Nikodemo, mpiga kengele wa kanisa la bondeni. Alikuwa mtu wa sala na saumu, ila mkono wake ulikuwa mwepesi kwa hasira, na hasira yake yote aliielekeza mlimani.

Huko mlimani palikuwa na kanisa jingine. Kristo wao alikuwa mmoja na Injili yao ilikuwa moja, lakini wa mlimani walibatiza watoto kwa kuwamwagia maji kichwani, na wa bondeni walibatiza watu wazima kwa kuwazamisha mtoni. Kwa ajili ya maji hayo, ndugu zangu, watu walinyimana hata kijinga cha moto! Wa mlimani walikuwa na kengele ya shaba iliyotoka ng'ambo. Wa bondeni walikuwa na kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Kila kengele ya mlimani ilipolia katikati ya ibada ya bondeni, wazee walimkonyeza Nikodemo, naye akatoka na nyundo yake na kuigonga reli mpaka ile nyingine isisikike. Waliita jambo hilo kuitetea ibada. Mimi naliita upumbavu, tena upumbavu uliovaa kanzu.

Jumamosi moja, wa bondeni wakiwa katika sala za kujiandaa kwa Meza ya Bwana, kengele ya mlimani ililia. Haikulia kwa utaratibu wa ibada. Ililia mfululizo, bila kupumzika. Moyo wa Nikodemo ulimwambia kwamba huo ulikuwa mlio wa msiba. Lakini Mzee Hezekia, mkuu wa wazee, alikwisha kumkonyeza, na mazoea yana taabu. Akatoka, akagonga mpaka jasho likamtiririka, na ile ya mlimani ikanyamaza.

Muda si muda akaingia kanisani mwanamke wa mlimani, jina lake Eseta, miguu mitupu, vumbi hadi utosini. Mumewe, Gideoni, alikuwa akichimba udongo mweupe wa kupaka kuta za kanisa, na shimo lilikuwa limemporomokea. Wanaume wa mlimani walikuwa wamekwenda mnadani. Walibaki vikongwe na akina mama.

"Nimevuta kamba ya kengele mpaka mikono imechubuka," alisema. "Hamkusikia, baba zangu?"

Mzee Hezekia akajikohoza. "Hatukusikia kitu, mama. Pole sana."

Waumini wakainamisha vichwa. Nikodemo, nyundo ingali mkononi, akahisi hasira yake inamgeukia mwenyewe.

"Mzee, unasema uongo mbele ya Meza ya Bwana!" alifoka. "Mama, tulisikia. Tulisikia sote! Mimi ndiye niliyegonga reli ili kengele yako isisikike. Majembe, jamani! Leteni majembe!"

Vijana na akina mama wakamfuata mbio. Wazee walibaki kumaliza sala. Ndiyo, walibaki, Mungu ni shahidi! Huko juu Nikodemo alichimba kwa jembe, kisha kwa kucha. Walipomfikia Gideoni, alikuwa amekwisha kukata roho. Eseta akaweka kiganja kifuani pa mumewe, akamtazama Nikodemo.

"Bado ana joto," alisema.

Baada ya maziko Nikodemo alikwenda kuomba radhi. "Mama, nimemkosea Mungu wangu, na wewe pia."

"Mungu wako? Na wangu mimi ni yupi?" Eseta alimkatiza. "Nenda. Njoo kesho."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Alimpasulia kuni, akamlimia shamba, na kila alipoomba radhi alijibiwa vilevile. Kule kwao alitengwa na Meza ya Bwana kwa kosa la kumwaibisha mzee. Akasubiri. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, naye anaambiwa njoo kesho. Asubuhi moja subira ikamwishia.

"Mama, hata Mungu husamehe! Unataka nifanye nini tena?"

Eseta akaketi kizingitini. "Wewe nilikusamehe siku ileile uliposema kweli. Nimekuwa nikikwambia njoo kesho nikitumaini kwamba kesho hutakuja peke yako."

Nikodemo akageuka, akaitazama njia ya kutoka bondeni. Haikuwa na mtu.

Wapendwa, Mzee Hezekia alikufa na heshima zake zote, akasifiwa sana kaburini. Nasi kila Jumapili tunaomba umoja, kila mmoja kanisani kwake, na milango tumefunga. Mola aturehemu, na kabla ya kuturehemu, atutie aibu.